Pikapu Inayozimika na Kuwaka: Tujue Maradhi Kabla ya Kununua Dawa



Ndugu wasomaji, miezi michache iliyopita safu hii ilipokea barua ya dada yetu mmoja wa upande wa Msambweni. Mumewe alipofariki alimwachia watoto wanne na pikapu kuukuu ya petroli, aina ya Peugeot 504, miongoni mwa zile zilizokuwa zikiunganishwa kiwandani hapa Mombasa. Kijana wake mkubwa ndiye aiendeshaye. Hubeba nazi, machungwa na maembe ya majirani hadi soko la Kongowea, na ujira wa safari hizo ndio unaolipa karo na kununua unga. Lakini kwa muda wa miezi minne gari lilikuwa limeshikwa na ugonjwa usioeleweka. Liliondoka nyumbani likiwa salama, kisha likazimika njiani bila ya onyo. Wakisimama kitambo, likawaka tena kana kwamba halikuwa na lolote.

Walikuwa wamekwisha kubadilisha pampu ya petroli na plagi zote, kuisafisha kabureta mara mbili, na kununua pointi mpya mara tatu. Fedha zilizotoka zingetosha karo ya muhula mzima, na bado gari lilizimika. Hapo akatokea mnunuzi aliyelitaka kwa bei ya vyuma vikuukuu. Swali lake kwetu lilikuwa fupi: je, niliuze?

Jawabu tulilompa ni kwamba asiliuze bado, wala asinunue kifaa kingine chochote, mpaka ijulikane ni kitu gani kinachokosekana katika injini dakika ile inapozimika. Kwa idhini yake tunaeleza hapa njia aliyoifuata, kwani zipo nyumba nyingi za pwani ambazo riziki yake imo juu ya magurudumu manne ya zamani.

Kwa nini ugonjwa huu huwashinda mafundi

Gari lililokufa kabisa si taabu kulitibu, maana kasoro ipo pale pale na fundi aweza kuitafuta hadi aipate. Gari linalozimika na kuwaka ni kama mgonjwa wa homa za vipindi: afikapo kwa tabibu homa imeshuka, naye huonekana mzima. Fundi huliwasha likawaka, huliendesha likaenda, kisha hana budi kukisia. Hukisia pampu, ikanunuliwa. Hukisia plagi, zikanunuliwa. Si lazima awe mwizi au mjinga. Amenyimwa ushahidi tu.

Shahidi aliyekuwapo ni dereva, pamoja na waliokuwa naye garini. Basi kazi ya kuutambua ugonjwa huu huanzia kwa wenye gari, na haihitaji aliyesomea ufundi. Yahitaji macho, masikio, daftari na subira, na hayo hata binti wa darasa la nane anayo.

Injini yataka mambo matatu

Injini ya petroli ya zamani huhitaji mambo matatu kwa pamoja: petroli kwa kiasi chake, hewa kwa kiasi chake, na cheche ya umeme kwa wakati wake. Petroli hutoka tangini, ikavutwa kwa mrija mrefu na pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini, ikaingia katika kabureta na kuchanganyika na hewa. Cheche nayo ina safari yake. Umeme wa betri, volti 12, hupita kwenye swichi ya ufunguo ukaingia katika koili. Ndani ya distributa mna pointi, yaani vijipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana. Kila vinapoachana, koili huugeuza umeme ule mdogo kuwa wa maelfu ya volti, ukagawiwa plagi moja baada ya nyingine. Kando ya pointi hukaa kondensa, kifaa kidogo kinachozilinda zisiungue.

Gari la namna hii halina kompyuta ya kulisemea. Hilo ni upungufu, lakini pia ni neema: karibu kila kitu chake chaweza kuonekana kwa macho na kujaribiwa kwa vyombo vya bei ndogo.

Jinsi linavyozimika ni ushahidi

Neno "linazima" halimtoshi fundi. Yapo magari yanayozimika ghafla, kama kwamba mtu ameuzungusha ufunguo. Hayo aghalabu yamekosa umeme. Yapo yanayoanza kukohoa, kushtuka na kupoteza nguvu kidogo kidogo kabla ya kunyamaza. Hayo aghalabu yamekosa petroli. Lipo linalozimika tu pale dereva anapoondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, kama vile kwenye makutano ya barabara. La namna hiyo hukaguliwa kabureta, marekebisho ya mzunguko wa chini wa injini, na mirija au gasketi zinazopenyeza hewa isiyotakiwa.

Likizimika kwenye matuta na mashimo, tushuku waya uliolegea, vichwa vya betri vyenye kutu, au swichi ya ufunguo iliyochakaa. Hewa yetu ya chumvi huzila nyaya na viungio kimyakimya, na kutu ya kijani ndani ya kiungio haionekani mpaka kifunguliwe. Likisumbua wakati wa mvua au umande wa asubuhi, kifuniko cha distributa na nyaya za plagi vitazamwe kama vina unyevu au nyufa.

Likienda mwendo mrefu, likafa kwa kukohoa, kisha likapona baada ya mapumziko mafupi, kitazamwe kifuniko cha tangi. Tangi lazima livute hewa kila petroli inapopungua. Tundu la hewa likiziba, petroli hushindwa kutoka. Kifungue kifuniko mara tu gari linapozimika: ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu kuingia ndani, na gari likawaka papo hapo, umekaribia kupata jawabu. Uchafu ndani ya tangi kuukuu nao hufanya vivyo hivyo. Huvutwa ukaziba mdomo wa mrija, kisha injini ikinyamaza huzama tena chini.

Petroli yenyewe pia haiepuki shaka. Maji huingia tangini, na wako wachanganyao petroli na mafuta ya taa. Ni kwa sababu ya uchanganyaji huo ndipo serikali ilipoyawekea mafuta ya taa tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Chota petroli kidogo kutoka chini ya tangi, uiweke katika chupa ya kioo kwa muda. Kama ina maji, yatashuka na kujitenga chini.

Maradhi mawili, dalili moja

Sasa tufike penye ugumu. Dada yetu alituambia gari lake hufa likiwa moto, na kupona baada ya kama nusu saa. Maradhi mawili tofauti hutoa dalili hiyo hiyo. La kwanza ni petroli kugeuka mvuke ndani ya mrija na pampu. Sehemu nyepesi za petroli huchemka kwenye joto la chini ya nyuzi 50, na chini ya boneti ya gari lililokwama foleni mchana wa kaskazi joto hilo hupitwa kwa urahisi. La pili ni koili iliyochoka. Ikiwa baridi hufanya kazi. Ikipata moto, nyuzi zake nyembamba za ndani au kinga yake hushindwa, na cheche ikakatika.

Kwa la kwanza watu hununua pampu, kwa la pili hununua koili. Anayekisia ana nafasi ya kukosea kila mara, na kila kosa lina bei yake. Ni ushahidi wa dakika ile ile gari linapozimika tu ndio uwezao kuyatenganisha.

Daftari la gari

Jambo la kwanza tulilomwomba ni daftari. Kila gari linapozimika iandikwe tarehe na saa. Limekwenda muda gani tangu kuwashwa. Jua au mvua. Mzigo mzito au mwepesi. Petroli kiasi gani. Limekufa ghafla au kwa kukohoa. Taa za dashibodi zilikuwaje. Na limepumzika muda gani kabla ya kuwaka. Ukurasa wa mwisho viorodheshwe vifaa vyote vilivyobadilishwa katika miaka miwili iliyopita, pamoja na tarehe zake.

Binti yake ndiye aliyekabidhiwa kazi hiyo, akawa anamhoji kaka yake kila jioni. Katika wiki mbili gari lilizimika mara sita. Mara tano ni kati ya adhuhuri na alasiri, njiani kurudi nyumbani. Mara moja ni asubuhi, katika foleni ya feri ya Likoni, ambako injini iliachwa ikinguruma muda mrefu gari likiwa limesimama. Mara zote sita lilikufa ghafla, bila hata kikohozi kimoja.

Orodha ya ukurasa wa mwisho nayo ilitoa jambo ambalo halikuwamo katika barua. Katika mkebe wa biskuti mama anamoweka risiti, binti aliikuta risiti ya koili mpya. Ilikuwa imenunuliwa wiki chache tu kabla ya gari kuanza kuzimika.

Dakika tano za njiani

Jambo la pili lilikuwa kulijaribu gari pale pale lilipozimika, kabla halijapoa. Lakini usalama hutangulia. Injini ikizimika gari likiwa mwendoni, na breki zikiwa za kusaidiwa na injini, msaada huo hubaki kwa kukanyaga mara moja au mbili tu, kisha pedali huwa ngumu. Basi dereva asikanyage na kuachia. Akanyage kwa nguvu mara moja na ashikilie, alielekeze gari kando, avute breki ya mkono. Asiuchomoe ufunguo kabla gari halijasimama, usukani usije ukajifunga. Pembetatu za kuakisi ziwekwe barabarani, na watoto wakae mbali. Maadamu ugonjwa haujajulikana, watu wasipandishwe nyuma ya pikapu, na kwenye mteremko wa kuingilia feri iachwe nafasi kubwa mbele na nyuma.

Kwa akina mama na mabinti twaongeza hili: buibui, mtandio na mikono mipana havikaribishwi kwenye feni na mkanda wake. Anayeinama chini ya boneti ajifunge nguo vizuri, na injini isizungushwe mpaka kila mtu amejitenga.

Majaribio yenyewe ni matatu, na hufuatana.

Kwanza, geuza ufunguo bila kupiga stata, utazame taa za dashibodi. Taa za chaji na za oili zapaswa kuwaka. Zikiwa zimekufa kabisa, tafuta kasoro kwenye vichwa vya betri, fyuzi, swichi na nyaya zake, wala usiende mbali.

Pili, zima ufunguo, ondoa mfuniko wa chujio la hewa, uchungulie ndani ya koo la kabureta huku mwenzako akikanyaga pedali ya mafuta. Ukiona petroli ikiruka kama uzi mwembamba, kabureta ina petroli. Isiporuka, petroli haijafika, na hapo shaka ya mvuke, pampu au tangi hupata nguvu. Jaribio hili halifanywi karibu na sigara wala moto wowote. Ukimaliza, rudisha mfuniko mahali pake kabla ya kuendelea.

Tatu, ondoa waya wa plagi moja, uupachike kwenye plagi ya akiba, uilaze plagi hiyo ili chuma chake kiguse chuma cha injini, mbali na kabureta. Usiishike kwa mkono, kwani umeme huo hupiga vibaya, na mwenye maradhi ya moyo asikaribie kabisa. Mwenzako apige stata kwa sekunde chache. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzima. Cheche ya manjano iliyofifia, au kutokuwapo cheche, ni ushahidi dhidi ya koili, kondensa, pointi au waya wake mdogo ulio ndani ya distributa, ambao huweza kukatika ndani ya ganda lake bila kuonekana.

Vifaa vya kazi hii ni plagi moja ya akiba, bisibisi, tochi, kitambaa na chupa ya maji. Vyote huingia katika mfuko mmoja chini ya kiti.

Kilichopatikana

Gari lilizimika mara ya saba karibu na Ukunda, mchana wa jua kali. Kijana aliligeuza kando na kufanya kama alivyoelekezwa. Taa ziliwaka. Petroli iliruka ndani ya kabureta. Cheche haikuwapo. Akazima ufunguo, akakilowesha kitambaa na kukikamua, akaizungushia koili tumboni pasipo kugusa viungio vyake vya juu. Baada ya kama dakika kumi alijaribu tena: cheche ya buluu, na injini ikawaka kwa stata moja.

Walimpelekea fundi habari hiyo pamoja na daftari. Fundi alitazama, akatikisa kichwa.

"Mama, koili hii ni mpya. Haiwezi kuwa ndiyo."

"Huenda ni kama usemavyo, fundi. Lakini kwa hisani yako, ipime, na ujira wa kupima nitakulipa hata kama ni nzima."

Akaipima kwa mita. Koili zilizoundwa kupokea volti 12 moja kwa moja huwa na ukinzani wa kama omu 3. Hii ilikuwa na nusu yake, kiasi cha omu 1.5. Ilikuwa koili ya aina nyingine, ile inayotakiwa kufungwa pamoja na rezista, kifaa kinachoupunguza umeme kabla haujaifikia. Gari lile halikuwa na rezista. Kwa hiyo kila siku koili ilipokea umeme mwingi kuliko uwezo wake, ikapata moto kupita kiasi, na njiani ikaziunguza pointi. Ndiyo sababu pointi zilinunuliwa mara tatu, ilhali hakuna aliyejiuliza nani anayeziunguza. Upya wa kifaa haukuwa dalili ya usalama. Kifaa kipya ndicho kilicholeta ugonjwa.

Ilinunuliwa koili ya aina inayofaa na pointi za mara ya nne, pengo lake likarekebishwa kwa kipimo cha kitabu. Kwa injini nyingi za namna hiyo ni kiasi cha milimita 0.4. Hadi tunapoandika safu hii, wiki sita zimepita na gari halijazimika. Aliyetaka kulinunua kwa bei ya vyuma ameambiwa atafute kwingine.

Adabu ya kumwendea fundi

Si kila pikapu itakutwa na kasoro hiyo. Nyingine itakuwa ni kifuniko cha tangi, nyingine ni waya wenye kutu. Kisichobadilika ni mwenendo. Usimwambie fundi, "Nibadilishie pampu," kwa kuwa jirani alibadilisha yake. Mwambie ulichokiona, kwa utaratibu kilivyotokea, usiongeze wala usipunguze. Ushahidi wa kweli ni amana hata kama unahusu chuma. Mkubaliane mapema juu ya ujira wa kutafuta kasoro, mbali na bei ya vifaa. Fundi akijua kwamba atalipwa kwa kufikiri, hatalazimika kupata riziki yake kwa kukuuzia vitu. Kibadilishwe kifaa kimoja kwa wakati mmoja, ili ijulikane kipi kilichoponya. Na kila kifaa cha zamani kinachotolewa, omba urudishiwe. Kikiwa bado kizima ni akiba yako, na kikiwa kimekufa ni ushahidi wako.

Mwisho, gari la kale halidharauliki kwa sababu ya umri wake. Peugeot 504 ndiyo iliyotwaa ushindi wa mbio za Safari mwaka 1975 na tena mwaka 1978, katika matope na mawe ya nchi hii hii. Pikapu kama hizo bado zinabeba mizigo yetu kwa sababu waliozitunza walizisikiliza. Wale wenye pikapu inayowasumbua waanze daftari leo, na wakitaka, watuandikie kilichomo. Tutakisoma pamoja, In Shaa Allah.

Wassalaam.